Unga wa Leo, Shanga za Kesho: Kuendesha Biashara ya Kuoka na Kazi za Mikono Ukiwa Nyumbani

Kibera na Kawangware zina biashara nyingi zisizo na bango wala mlango wa wateja. Ziko ndani ya chumba kimoja au viwili ambamo familia inalala, inapika, na watoto wanafanyia kazi ya shule. Alfajiri meza ni ya kukandia unga wa mandazi au wa keki. Alasiri meza hiyo hiyo ni ya kutunga shanga, kufuma au kukata vitenge. Mwenye kazi mara nyingi ni mama wa nyumba, na wakati mwingine ni kijana aliyemaliza shule ambaye bado hajapata ajira.

Wengi hushika kazi hizi mbili kwa sababu moja haitoshi. Hata hivyo, biashara nyingi za aina hii hufa polepole bila mwenyewe kutambua. Wateja bado wapo na sifa bado ipo, ila asubuhi moja hakuna pesa za kununua unga. Makala haya yanaeleza kwa nini hilo hutokea, jinsi ya kuzipanga kazi hizi mbili zisaidiane badala ya kunyang'anyana muda na mtaji, na vibali ambavyo mkazi anahitaji kuwa navyo.

Kazi mbili, pesa za aina mbili

Kuoka na kazi za mikono huonekana kama ndugu kwa kuwa zote hufanyika nyumbani na kwa mikono. Kwa upande wa pesa, zinatofautiana sana. Chakula huleta pesa siku hiyo hiyo, lakini faida yake ni ndogo, na kisipouzwa leo kesho ni hasara. Bangili, kikapu au mkoba huleta faida kubwa zaidi kwa kila saa ya kazi, na hauozi, lakini unaweza kukaa wiki tatu kabla ya kupata mnunuzi.

Tuchukue mfano wa mandazi 60 yanayouzwa shilingi 10 kila moja. Bei zilizo hapa ni za mfano tu. Weka bei za duka lako uone unapata nini.

Unga wa ngano kilo 2: shilingi 170
Sukari robo kilo: shilingi 40
Mafuta yanayotumika: shilingi 90
Hamira: shilingi 20
Makaa: shilingi 80
Karatasi za kufungia: shilingi 25
Jumla ya gharama: shilingi 425

Mandazi yote yakiuzwa, unapata shilingi 600. Ukitoa gharama, zinabaki shilingi 175. Kukanda, kusubiri unga uumuke, kukaanga na kuuza kukichukua saa 4, umejilipa takriban shilingi 44 kwa saa. Mandazi 12 yakibaki, mauzo yanashuka hadi shilingi 480 na faida inabaki shilingi 55, yaani chini ya shilingi 14 kwa saa. Mandazi 12 tu yaliyobaki kwenye beseni yamekula zaidi ya theluthi mbili ya faida ya siku.

Sasa chukua bangili ya shanga. Shanga, uzi na kifungo vinagharimu shilingi 80, kazi inachukua saa 2, na bangili inauzwa shilingi 300. Faida ni shilingi 220, sawa na shilingi 110 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, mtu angesema ni afadhali aache mandazi na atunge shanga kutwa.

Hapo ndipo wengi huanguka. Aliyeacha mandazi hana pesa ya jioni. Wiki ya pili, nyumba inapohitaji unga na mwenye nyumba anapobisha mlango, bangili ya shilingi 300 inauzwa shilingi 120 kwa mnunuzi wa kwanza anayejitokeza. Ukitoa gharama, saa 2 za kazi zimelipwa shilingi 40, ambazo ni shilingi 20 kwa saa. Hiyo ni chini ya malipo ya mandazi siku yalipouzwa yote.

Kwa hiyo kila kazi ina wajibu wake. Kazi ya unga ni kulisha nyumba na kuzipa shanga nafasi ya kungoja bei yake. Kazi ya shanga ni kuleta pesa ambazo unga hauwezi kuleta: karo, sufuria kubwa zaidi, oveni, akiba ya ugonjwa. Anayeelewa hivyo haulizi tena ni ipi bora. Anauliza kila moja ipewe saa ngapi na shilingi ngapi.

Mfuko wa nyumba na mfuko wa biashara

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi chache linatosha. Kila jioni andika mambo matatu: ulichonunua, ulichouza, na kilichobaki. Andika pia kilicholiwa nyumbani. Watoto wakila mandazi sita asubuhi, si vibaya, lakini hayo ni mauzo ya shilingi 60 ambayo nyumba imenunua kutoka kwa biashara. Yasipoandikwa, mwisho wa mwezi utashangaa pesa zilienda wapi.

Baada ya kuuza, gawa pesa kwa utaratibu huu. Kwanza, toa mtaji wa kesho. Katika mfano wetu ni shilingi 425, na hizo haziguswi hata kukiwa na harusi ya jirani. Pili, jilipe mshahara kutokana na faida, hata kama ni shilingi 100. Mshahara huo ndio wa nyumba. Tatu, kinachobaki kiwe akiba ya biashara, iwe ni cha kununulia shanga au kurekebishia jiko. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kikiwa na mkono wa kila mtu ndani yake.

Pesa za simu nazo zitenganishwe. Huduma kama Lipa na M-Pesa na Pochi la Biashara humwezesha mfanyabiashara mdogo kupokea malipo bila kuyachanganya na pesa zake binafsi. Faida nyingine ni kwamba rekodi ya mauzo inabaki, na rekodi hiyo husaidia unapoomba mkopo.

Mikopo kwa wateja ndiyo mtihani mgumu zaidi mtaani, kwa sababu mteja ni jirani, mwenzako wa chama, au mama mnayesali pamoja. Weka kiwango na ukitangaze mapema: kwa mfano, deni lisizidi shilingi 100, na lilipwe kabla ya kuchukua tena. Sheria inayojulikana na wote haimuudhi mtu. Kinachoudhi ni kumnyima mmoja na kumpa mwingine.

Kwa keki za siku ya kuzaliwa, harusi au ruracio, chukua malipo ya awali. Keki ya shilingi 1,500 isianze kuokwa kabla ya kupokea angalau nusu, yaani shilingi 750. Pesa hizo hununua unga, siagi na mayai, na mteja akibadilisha nia siku ya mwisho, hujapoteza mtaji wako. Vivyo hivyo kwa mkoba au nguo ya kipimo maalum. Andika kwenye daftari jina, tarehe ya kuchukua, kiasi kilicholipwa na kilichobaki.

Kuigawa siku na wiki

Anayefanya kazi nyumbani huonekana kama yuko bure. Wageni huja, watoto humwita, na kazi za nyumba hazimsubiri. Bila saa zilizopangwa, kazi ya mikono ndiyo hudhulumiwa kwanza, kwa sababu haina mteja anayesubiri mlangoni.

Mpango mmoja unaowezekana ni huu. Saa 10 alfajiri hadi saa 2 asubuhi ni muda wa unga, kwa kuwa mandazi huuzwa watu wanapoelekea kazini na watoto shuleni. Baada ya hapo ni kazi za nyumba na mapumziko. Saa 8 mchana hadi saa 11 jioni ni muda wa kazi za mikono, kukiwa bado na mwanga wa jua. Kutunga shanga au kushona kwa mwanga hafifu usiku huumiza macho na huongeza makosa ambayo utayafumua kesho. Keki za oda zipewe siku zake, kwa mfano Ijumaa na Jumamosi, na siku hizo usipange kukamilisha kazi kubwa ya kushona. Siku moja kwa wiki iwe ya daftari na kupumzika.

Mwaka nao una misimu yake. Mwezi wa Ramadhani, mauzo ya mahamri, kaimati na sambusa mitaa kama Makina huhamia jioni, karibu na futari. Shule zinapofungwa, baadhi ya wateja wa asubuhi hupungua. Desemba huleta oda za keki na zawadi kwa wakati mmoja. Anayesubiri Desemba ifike ndipo aanze kutunga shanga huchelewa. Bidhaa za Desemba hutengenezwa Agosti na Septemba, unga ukiendelea kulisha nyumba. Hiyo ndiyo faida ya kitu kisichooza.

Watoto wanaweza kusaidia kazi nyepesi baada ya masomo. Mafuta ya moto, visu na msumeno wa mifupa si kazi ya mtoto, na hakuna oda inayostahili kumtoa mtoto darasani.

Unga na shanga havikai meza moja kwa wakati mmoja

Panapokuwa na chumba kimoja, kinga ni kutenganisha wakati na vyombo. Sindano, vipande vya waya na shanga ndogo zikiangukia unga, mteja anaweza kuumia. Wachongaji wa mifupa, kazi inayojulikana sana Kibera, wana tahadhari zaidi. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa ili kutoa mafuta, hukaushwa, hukatwa, kisha husuguliwa hadi ing'ae. Vumbi la kusugua ni jembamba na huingia mapafuni, hivyo vaa barakoa na miwani, na usisugue kamwe ndani ya chumba kinachopikiwa. Rangi za vitambaa na gundi nazo zihifadhiwe mbali na vyakula, na zisiwekwe ndani ya chupa za soda au za maji ambazo mtoto anaweza kudhani ni kinywaji.

Kwa upande wa chakula, funika nywele, kata kucha na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kukanda. Maji ya mtungi yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Unga uwekwe juu ya sakafu ndani ya chombo chenye kifuniko. Mwenye kuharisha au kidonda kilicho wazi mkononi apumzike hadi apone. Usifungie mandazi kwa gazeti, kwani wino hushikamana na mafuta na kuingia kwenye chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni nzito: faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo. Tumia karatasi safi.

Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa wamelala. Oka mlango na dirisha vikiwa wazi, na usiingize jiko ndani usiku ili kupata joto. Mafuta yakishika moto, usimwage maji. Funika sufuria kwa kifuniko na uzime jiko. Usiunganishe oveni kwenye nyaya za kubahatisha. Oveni huvuta umeme mwingi, na katika nyumba za mabati zilizobanana, cheche moja huchoma ploti nzima. Kwa dharura piga 999 au 112.

Vibali vinavyohitajika

Chini ya Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, leseni za biashara, masoko, na udhibiti wa biashara zinazouzia umma chakula ni majukumu ya serikali za kaunti. Kwa mkazi wa Nairobi, mambo ya kuzingatia ni haya.

Cheti cha afya cha anayeshughulikia chakula. Kila anayepika au kuuza chakula hupimwa, na cheti hudumu miezi 6. Msaidizi wako naye anakihitaji. Cheti kinachouzwa bila kipimo ni karatasi tu, na hakimlindi mteja wala wewe. Afisa wa afya ya umma katika kaunti ndogo yako atakuelekeza mahali pa kupimwa.

Kibali cha biashara. Nairobi imeunganisha leseni kadhaa, zikiwemo za biashara, usafi wa chakula na usalama wa moto, katika kibali kimoja kinachoombwa na kulipiwa kupitia mfumo wa Nairobi Pay na kuhuishwa kila mwaka. Ada hutegemea aina na ukubwa wa biashara. Uliza kiwango chako kabla ya kulipa, na usimpe mtu yeyote pesa taslimu mkononi.

Alama ya ubora ya KEBS. Ukitaka mkate au keki yako iwekwe kwenye rafu za maduka ikiwa imefungwa, utahitaji alama hii. Lebo nayo ionyeshe jina la bidhaa, viungo, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji, na tarehe za kutengenezwa na kuisha muda.

Jina la biashara na kodi. Jina husajiliwa kupitia eCitizen. Kodi ya mauzo ya asilimia 3 huwahusu wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka, na hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kumbuka ni mauzo, si faida. Milioni 1 kwa mwaka ni kama shilingi 2,740 kwa siku, kwa hiyo anayeuza mandazi na keki za oda anaweza kufika hapo bila kujiona tajiri. Hata kama hujafika, mwenye PIN ya KRA huwasilisha ripoti ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni.

Mkopo gani kwa kazi gani

Mkopo ufanane na mwendo wa pesa za kazi husika. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, hutoa mkopo wa mtu binafsi wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ukilipwa ndani ya siku 14. Mkopo wa siku 14 unafaa unga, kwa sababu unga unarudisha pesa siku hiyo hiyo. Ukiutumia kununulia shanga ambazo zitauzwa baada ya wiki tatu, siku ya kulipa itakukuta na shanga mkononi na bila pesa. Hapo utaziuza kwa hasara, au utalipa kwa mtaji wa mandazi, na kazi zote mbili zitaanguka pamoja.

Kwa kazi za mikono, tafuta mkopo wa muda mrefu zaidi kupitia kikundi. Hazina ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka wa 2007, na Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vilivyosajiliwa. Chama cha kuzungushiana nacho kinafaa, mradi zamu yako iangukie mwezi wa kununua malighafi, na pesa zisiishie kwenye sherehe.

Kutafuta soko pamoja

Mitaa hii haianzi sifuri. Wanawake wa jamii ya Wanubi, ambao lugha yao ndiyo iliyoipa Kibera jina lenye maana ya msitu, wanajulikana kwa vikapu na vifuniko vya chakula vilivyosokotwa kwa rangi nyingi. Wachongaji wa mifupa wa Kibera wamefikisha mapambo yao nchi za mbali. Kawangware ina mafundi wengi wa nguo na mikoba. Soko la Kariokor linajulikana kwa vyondo na viatu vya ngozi, na Maasai Market huwakutanisha mafundi na watalii sehemu mbalimbali za jiji kwa siku tofauti.

Kazuri, kiwanda cha shanga za udongo kilichoko Karen, kilianza mwaka wa 1975 na wanawake wawili tu. Leo kazi yake imegawanywa: kuna wanaofinyanga, wanaopaka rangi na wanaotunga. Kikundi cha nyumbani kinaweza kuiga mgawanyo huo kwa kiwango chake. Wanawake watano wa ploti moja wakikubaliana, wawili wanaoka alfajiri kwa niaba ya wote, wawili wanatunga na kushona, na mmoja anapeleka bidhaa sokoni. Hakuna anayelazimika kuacha jiko likiwaka ili akatafute mnunuzi, na oda ya bangili 100 ambayo mtu mmoja angeikataa inawezekana. Andikeni mapema nani anapata nini, kwa kuwa vikundi huvunjika zaidi kwa pesa zilizopatikana kuliko kwa pesa zilizokosekana.

Anza wiki hii

1. Nunua daftari na uandike gharama zote za bidhaa moja, pamoja na makaa, nauli na saa zako.
2. Hesabu kinachobaki bila kuuzwa kila siku kwa siku 7, kisha punguza unachopika kwa kiasi hicho.
3. Tenga mtaji wa kesho kabla ya kununua chochote cha nyumbani.
4. Chagua saa mbili au tatu za mchana za kazi ya mikono, na uwajulishe wa nyumbani.
5. Angalia tarehe ya cheti chako cha afya.

Wakazi wa wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley wanaweza kuuliza maswali katika ofisi za kaunti ndogo ya Kibra. Wa Kawangware, Gatina na Kabiro wafike ofisi za Dagoretti Kaskazini. Beba kitambulisho, nambari ya PIN, na daftari lako la mauzo ikiwa unalo.